Mikoko Inalindwa Nchi Kavu

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. Maji yakikupwa, ghuba yake hubaki tope jeusi linalonuka kibiriti, na juu ya tope hilo imesimama mikoko, mamia ya hekta. Harufu hiyo humkera mgeni, ila ndiyo habari yenyewe. Inatoka kwenye udongo usiopitisha hewa, ambamo majani na mizizi ya miaka mingi iliyopita haiozi upesi, na kaboni iliyomo inabaki imefungiwa humo. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa zaidi ya hekta ya misitu mingi ya bara, na sehemu kubwa ya hazina hiyo iko chini ya ardhi, si kwenye matawi. Miti ikikatwa na tope likapigwa na jua, kaboni iliyolala humo kwa karne nzima huanza kurudi angani kama hewa ukaa.

Kwa hiyo, ukiuliza kijiji kinaweza kupunguza vipi hewa ukaa, jibu la Gazi halihitaji mtambo. Tope liachwe lilivyo. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu mtu hawezi kuuacha mti uliokuwa kuni yake na paa lake mpaka apate kingine cha kushika mahali pake.

Pwani yote imeishi kwa mikoko tangu enzi za majahazi. Wafanyabiashara waliipa majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini hadi Arabuni, zikajengea nyumba katika nchi zisizo na miti. Lakini ukataji wa kuchagua mti mmoja mmoja haukuimaliza misitu hiyo. Kilichoiumiza Gazi zaidi ni miaka ya 1970, mikoko ilipofyekwa kwa wingi iwe kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali. Mahali palipofyekwa hapakurudi msitu. Palibaki visiki na mchanga hadi mwaka 1991, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo James Kairo, walipoanza kupanda upya pamoja na wanakijiji.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya mikono na kuinama. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikawa kijiti kirefu cha kijani. Kikikomaa hudondoka. Mpandaji hukiokota, hukididimiza topeni hadi theluthi yake, huruka hatua moja, hudidimiza kingine, na yote hayo ayamalize kabla maji hayajajaa. Kwa macho ni kazi rahisi, na ndiyo sababu nchi nyingi zimefanya sherehe za kupanda mikoko halafu miche ikafa karibu yote. Kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, ukapokea mawimbi. Mkoko na muia hufuata nyuma yake, kisha mkandaa, na huko nyuma kabisa, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, mchu ndio unaostahimili chumvi. Panda mkoko penye mlilana na bahari itaung'oa. Mipaka hiyo inajulikana vizuri na watu wanaoingia mikokoni kila siku kutafuta kaa na samaki, na mradi wowote usiowauliza kwanza unapoteza fedha na nguvu za watu.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza hesabu ya hewa ukaa inayozuiwa na mikoko yao, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wa kwanza wa kijamii duniani kufanya hivyo kwa mikoko. Walitenga hekta 117, kwa muda wa miaka 20, chini ya Plan Vivo, kiwango cha kuthibitisha miradi ya kaboni. Hesabu yao ni tani zipatazo 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, sawa na kuchoma takriban lita milioni 1.3 za petroli. Katika miaka ya mwanzo hilo liliwaletea dola za Marekani zipatazo 12,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa vichwa, kila mtu angepata pesa ya kununua unga kidogo. Vijiji havikuzigawa. Watu walikaa barazani wakaamua, na uamuzi ukaangukia maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, nayo ilistahili, ingawa kwangu mimi bomba la maji lina uzito kuliko tuzo. Mama anayechota maji karibu na nyumba yake anajua mikoko inamletea nini, na akisikia shoka msituni hatasubiri askari wa misitu.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo husimuliwa kwa uchache, haliko baharini. Mradi ulipanda mivinje nchi kavu. Mvinje hukua haraka, hunyooka, na baada ya miaka michache hutoa nguzo za kujengea na kuni za kupikia. Hapo ndipo mikoko inapolindwa hasa. Nyumba ya kukandika haiwezi kusimama bila fito na nguzo, na kijana anayeoa hataacha kujenga kwa sababu hali ya hewa ya dunia inabadilika. Vivyo hivyo jikoni. Kuni za mkoko zina moto mkali unaodumu, kwa hiyo mwenye mafiga na sufuria ya maharage atazipenda. Ukimkataza bila kumpa kuni nyingine, utakuwa umemfundisha kukata usiku. Kenya imewahi kupiga marufuku ukataji wa mikoko zaidi ya mara moja, na marufuku hayo peke yake hayakutosha kuikomesha biashara ya magendo. Shamba la mivinje limegusa palepale marufuku yaliposhindwa.

Kupima nako kumefanywa kuwa kazi ya kijiji. Katika vipande vya msitu vilivyowekewa alama, vijana wa mradi huhesabu miti, hupima unene wake na hukagua visiki vipya. Mkoko haupimwi usawa wa kifua kama mwarobaini, maana mizizi yake hutoka juu shinani. Huhesabu sentimita 30 kutoka mzizi wa juu kabisa, ndipo huzungusha utepe. Kisiki kibichi huandikwa daftarini. Ni kazi ya matope mpaka magotini, mbu wakiwa juu yako, na bila hiyo hesabu ya tani 3,000 ingekuwa maneno matupu.

Wapo wanaoipinga biashara hii ya hewa ukaa, na hoja yao ina nguvu. Mnunuzi ni mtu au kampuni ya mbali inayotaka kufidia moshi wake. Kama ataendelea kuchoma vilevile, Gazi itakuwa imefuta deni la mwingine, wala anga halitakuwa na nafuu. Kenya nzima inachangia sehemu ndogo sana ya gesijoto duniani, na si haki mzigo wa usafi ubebwe na wavuvi wa Kwale. Nakubaliana nao kuhusu mnunuzi. Sikubaliani nao wanapotaka kijiji kiache. Mikoko ile huzuia mawimbi yasile ufuo na hulea samaki wachanga, iwe imeuzwa au haijauzwa. Dawa iko kwenye mkataba. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, inaitaka miradi ya kaboni inayotumia ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii baada ya gharama. Hilo neno "gharama" ndilo wazee wa kijiji walisome mara mbili kabla ya kutia saini.

Wala somo hili si la mikoko peke yake. Kuanzia mwaka 1986 Shinyanga, mkoa wa Tanzania uliokuwa umebaki kama jangwa kwa kufyeka miti, ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 kwa kufufua ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Huko pia serikali ilifaulu ilipoacha ngitili ziwe mali ya kaya na vijiji.

Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, kusini zaidi, vimeshaifuata Gazi kwa mradi wa hekta zipatazo 460. Vanga imepakana na Tanzania, na mikoko yake inaendelea ng'ambo hadi mkoa wa Tanga. Doria ikiwa kali upande mmoja, mwenye shoka anaweza kuvuka kwa ngalawa kwenda upande wa pili, ambako huenda hakuna mvinje uliopandwa kwa ajili yake. Halmashauri za huko Tanga zingeweza kuanza na vitalu vya mivinje kabla hazijatafuta mnunuzi wa kaboni. Miche ni bei ndogo, na jamaa wa ukoo mmoja wako pande zote mbili za mpaka.