Kabla ya Kutia Dawa Bwawani

Yapo mabwawa katika visiwa vyetu ambayo kila mtu anayajua kwa jina, lakini ni wachache wajuao yamebeba nini. Kina mama hufulia hapo, ng'ombe hunyweshwa hapo, na watoto wakitoka chuoni hujitupa humo jua likiwa utosini. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa watoto hao, na kukojoa damu tulikudhania kuwa ni ada ya wavulana. Kumbe ni kichocho.

Baina ya mwaka 2012 na 2017 iliendeshwa kazi kubwa dhidi ya maradhi hayo katika shehia 90 za Unguja na Pemba. Wananchi walipewa vidonge vya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia mabwawa na vijito vilitiwa niklosamidi ili kuua konokono, na katika nyengine mkazo uliwekwa kwenye mafunzo ya kubadili mwenendo. Maradhi yalipungua sana, lakini hayakumalizika.

Hapa ndipo tunapopenda kusema na maofisa wetu na masheha. Niklosamidi haichagui. Huua konokono, na huua samaki na vyura wachanga pia. Bwawa lililopoteza samaki limepoteza mlaji wa viluwiluwi vya mbu, ilhali konokono mmoja aliyesalimika topeni aweza kutaga mayai bila ya mwenzake na kuanzisha ukoo upya.

Tena si kila konokono ana hatia. Unguja wapo wawili wa jamii moja, Bulinus globosus na Bulinus nasutus, wanaofanana hata wataalamu huwapeleka maabara ili kuwatenganisha. Wa kwanza, apatikanaye Pemba na sehemu za kaskazini na kati za Unguja, ndiye mchukuzi wa kichocho. Wa pili, wa kusini, hapa kwetu hakichukui. Kumwaga dawa kusini kwa sababu tu konokono ameonekana ni kumwadhibu asiyekosa, na kwa fedha ya umma.

Kwa hiyo bwawa na lihesabiwe kwanza. Kazi yenyewe haihitaji makubwa: viatu vya mpira, glavu, na chujio lenye mpini mrefu. Konokono wakusanywe kwa muda uliopangwa, kisha wawekwe katika gilasi za maji safi penye mwangaza ili ionekane kama wanatoa vijidudu. Mhesabuji aandike pia kambale, vyura, kereng'ende, yangeyange na mayungiyungi. Wanafunzi waandike wakiwa ukingoni. Wasiingie majini, hata kwa dakika moja.

Lililo letu wananchi ni choo. Mkojo wa mgonjwa usipofika majini, konokono hana cha kupokea. Majani yafyekwe pale penye kivuko na mahali pa kufulia, ambapo watu hugusana na konokono. Ng'ambo ya pili yaachwe kwa vyura na ndege. Tumewaona wenye bidii wakifyeka bwawa zima hadi likabaki kama sahani, wakaliita safi.

Hesabu ifanywe masika yakishapita na maji yametulia, irudiwe kila mwaka, na daftari la kila bwawa likae kwa sheha. Ofisa ajaye na dawa alisome kabla hajafungua pipa.