Kutu haifichwi na rangi



Kinga ya baba njo ilinisomesha. Miaka mingi alileta nayo makala Lubumbashi, minerval yangu ikatoka pale. Leo mdogo wangu njo anaipanda, mifuko mbili nyuma.

Mwaka jana niliona madoa ya kutu kwenye kadre, karibu na pedale. Nikanunua rangi nyeusi, nikapaka juu. Iking'aa! Mvua ilipoanza, rangi ikavimba, ikabanduka.

Kosa ni wapi? Chuma kikikutana na maji na hewa kinageuka kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inasukuma rangi toka chini, na inaendelea kula pale hatuoni. Hii nilisoma kwenye shimi, nikaiacha kwenye kaye.

Fundi kinga aliniambia: «Petit, kwanza ujue kama ni ngozi ao ni mfupa.» Akachokoa kila doa kwa ncha ya msumari, akaangalia pale bomba zinaungana. Kama chuma kinabonyea, kinatoboka ao kina ufa, usipake kitu, na mtu asiipande: kadre iende kwa sudeur. Ikikatika na mzigo barabarani, ni mtu anaanguka.

Yetu ilikuwa ngozi tu. Tulifanya hivi:

1. Kuosha na sabuni, kukausha kabisa.
2. Kukwangua rangi yote iliyoachia, kisha kusugua na msasa namba 80 mpaka chuma kiwe cheupe, hata kwenye vishimo. Msasa namba 240 unalainisha ukingo wa rangi ya zamani.
3. Kupangusa vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye alkoli, mbali na moto.
4. Siku ileile, kupaka rangi ya kuzuia kutu. Ukingoja kesho, unyevu unaanza kazi tena.
5. Ikikauka, rangi ya juu mara mbili, nyembamba. Nzito inachuruzika.

Mwishoni tulichomoa kiti, tukageuza kinga, maji yakatoka ndani ya bomba! Tukatia mafuta kidogo mle, juu kutu inaanzia ndani pia.

Sasa kila mwezi naigeuza na kuichunguza, mbele mdogo wangu hajafunga mzigo. Rangi nzuri ilinidanganya mara moja. Mara ya pili angelipa yeye.