Mguu Unauma Wapi?

Mama, ukimleta mtoto kwa munganga, usiseme tu: "Mguu unamuuma." Mguu ni kiungo kizima. Ndani yake kuna paja, goti, muundi, kifundo, kisigino, wayo na vidole. Onyesha mahali, taja na jina: "Ni kisigino." Hapo munganga atajua upesi pa kutazama.

Kiatu nacho kiko na sehemu zake, na zingine tumezipa majina ya mwili: ulimi, kisigino. Chini ni soli, ndiyo inalinda wayo. Soli ikitoboka, hata juu kiatu kingali kizuri, hakilindi tena. Kwa tundu hilo msumari unachoma, matekenya yanaingia, na minyoo ya safura, inayotoka katika udongo wenye mavi ya watu, inapenya ngozi. Minyoo hiyo inanyonya damu. Mtoto anakosa nguvu.

Basi kila jioni osha miguu ya mtoto, kausha katikati ya vidole, tazama wayo na kisigino. Geuza kiatu pia, utazame soli. Msumari ukimchoma, umlete hospitali siku ile ile, hata kama damu ni kidogo. Pepopunda inaingia kwa tundu dogo.