Gitega, mji wa ngoma ambako mizimu haikatiwi tiketi

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kabanga na Kobero, akamaliza karatasi za forodha na kulala Muyinga, kesho yake huwa na mwendo wa saa chache tu kupitia Karuzi hadi Gitega. Akishashusha mzigo, jioni inabaki tupu. Gitega ni mji wa milimani, baridi huingia mapema, na wageni wengi huishia baa: Primus au Amstel mezani, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma. Bia yenyewe huenda haikusafiri mbali, kwa kuwa kampuni ya Brarudi ina kiwanda hapohapo mjini, mbali na kile cha Bujumbura.

Kuna miji ya muziki duniani iliyogeuza jioni ya namna hiyo kuwa biashara. New Orleans, Marekani, mji uliouzaa muziki wa jazi, watalii hulipa ili watembezwe usiku kutoka baa moja hadi nyingine, wakionyeshwa nyumba zinazosemekana kuwa na mizimu. Kituo kimojawapo kinachopendwa ni nyumba iliyopo mtaa wa Royal, ambako moto wa mwaka 1834 ulifichua watumwa waliofungwa minyororo na kuteswa na mwenye nyumba, Delphine LaLaurie. Kiongozi wa msafara hupunguza sauti, wageni hupiga picha, kisha kundi zima huenda kunywa. Mtaji wake ni mdogo: taa ya mkononi, ulimi mtamu na hadithi. Mtu mwenye jicho la biashara lazima ajiulize Gitega inakosa nini.

Hadithi haikosi. Kilomita 7 hivi kaskazini mwa mji kuna kilima cha Gishora, boma la ngoma za kifalme lililoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19, baada ya kumshinda chifu muasi Ntibirangwa. Nyumba zake za nyasi zimehifadhiwa, na humo zimo ngoma takatifu zenye majina kama watu: Ruciteme, yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Kwa Kirundi, neno "ingoma" lina maana mbili, ngoma na ufalme, kwa hiyo kuambiwa kwamba ngoma imetekwa ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba nchi imetekwa. Ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ilitolewa nje kwa nadra, hasa siku za umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Ilikuwa na mke pia, mwanamke aliyeitwa Mukakaryenda, aliyewekwa wakfu kuitunza. Picha ya ngoma hiyo ilikuwa katikati ya bendera ya Burundi hadi ufalme ulipoondolewa mwaka 1966.

Hadithi ya usiku hasa, ile ambayo kiongozi wa New Orleans angeipigania, ni ya mwami wa mwisho. Ntare V alitawala miezi michache tu ya mwaka 1966 kabla ya kupinduliwa na jeshi. Mwishoni mwa Machi 1972 alirejeshwa Burundi kutoka Uganda, akazuiliwa Gitega, na usiku wa tarehe 29 Aprili akauawa humo humo mjini akiwa na umri wa miaka 24. Baadaye ulifanyika msako wa mabaki yake, bila mafanikio. Mfalme amelala mahali fulani katika mji wa ngoma, na ngoma hazijui pa kumlilia.

Hapo ndipo biashara ya mizimu inapokwama. Usiku ule ulifungua mwaka mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za Warundi wengi. Kusini mwa nchi yalizuka maasi, kisha serikali ya wakati huo ikalipiza kwa kuua maelfu kwa maelfu ya raia, wengi wao Wahutu, wakiwemo walimu, wanafunzi, makarani na wafanyabiashara. Waliokamatwa Gitega walipakiwa kwenye malori na kupelekwa ng'ambo ya mto Ruvubu. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita ya halaiki katika eneo la Karuzi, karibu na mto huo, na Februari ikatangaza kuwa imehesabu mabaki ya watu 6,032. Yalipatikana pia nguo, miwani na rozari, na kwa vitu hivyo baadhi ya familia ziliweza kuwatambua watu wao.

Anayetoka Muyinga kwenda Gitega huuvuka mto huo huo. Dereva mwenye umri mkubwa huenda akapunguza maneno hapo, na mgeni asiyejua atadhani ni uchovu.

LaLaurie na watumwa wake wako mbali, karibu karne mbili. Hata hivyo si sawa kuwauza na glasi ya pombe, ila walau hakuna mtoto wao atakayepita mlangoni akasikia. Gitega, anayesikia anaweza kuwa mhudumu wa baa mwenyewe, au mzee wa meza ya pembeni ambaye baba yake alitoka nyumbani mwaka 1972 akiwa na miwani na hakurudi.

Si kwamba Warundi hawachanganyi pombe na wafu. Wanachanganya sana, lakini kwa utaratibu wao. Siku chache baada ya mazishi hufanyika guca ku mazi, na baadaye, mara nyingi baada ya mwaka, kuganduka, sherehe ya kuondoa msiba. Ndugu, majirani na wadeni hukusanyika, maneno husemwa hadharani, madai ya marehemu huulizwa, na bia hunywewa kwa wingi. Mfanyabiashara aliyemkopesha mtu wa Muyinga au Gitega akifiwa na mteja wake, hapo ndipo mahali pa kuonekana. Akienda na kreti moja ya bia atakumbukwa muda mrefu kuliko akienda na daftari la madeni.

Kinachouzwa kwa mgeni, basi, ni ngoma, tena mchana. Ngoma hizo huchongwa kwenye gogo la umuvugangoma, mti ambao Tanzania wengi huuita mringaringa, na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji huzibeba kichwani wakiingia, huzipanga nusu duara, na katikati hukaa inkiranya, inayoongoza nyingine zote. UNESCO iliutambua mchezo huo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Ulaya na Marekani zilikuwa zimeufaidi zamani: Joni Mitchell alitumia sauti zake zilizorekodiwa Burundi katika wimbo wa mwaka 1975.

Labda ndiyo sababu serikali ilikaza kamba. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilielekeza kwamba maonyesho nje ya sherehe rasmi yapate kibali cha wizara, na anayeyaandaa alipe hazina ya serikali faranga 500,000. Kwa harusi ya mfanyabiashara wa kawaida, hiyo ni bei ya kuifuta ngoma kwenye orodha. Amri hiyo pia iliwakataza wanawake kupiga ngoma, jambo la kushangaza kidogo kwa chombo ambacho sehemu zake huitwa kwa Kirundi tumbo, matiti na kitovu, na ambacho kiliwahi kuozeshwa mke.

Gishora hufikika kwa teksi au pikipiki kutoka Gitega, na Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yako mjini. Bei ya onyesho ni ya kuelewana mapema, kabla wapigaji hawajabeba ngoma kichwani, maana zikishalia hakuna tena nafasi ya kupatana.