Injini ya Pampu Ikikosa Cheche

Wakulima wengi wa Makueni na Kitui walio karibu na mto Athi, au wenye visima na mabwawa ya mchanga, hupeleka maji shambani kwa pampu ndogo za petroli. Pampu hiyo ni msaada mkubwa, lakini siku inapokataa kuwaka, mwenye nyanya zilizochanua hana muda wa kungoja. Jua la Septemba ni kali, mvua bado iko mbali, na maua yakikosa maji huanguka.

Mkulima akiambiwa kwamba injini haina cheche, mara nyingi hukimbilia dukani kununua koili. Yafaa asiharakishe. Koili huweza kuharibika, lakini mara nyingi kosa liko katika kitu kidogo kisichogharimu hata senti. Chunguza kwanza mambo rahisi, kisha uendelee hatua kwa hatua.

Cheche hutoka wapi?

Injini nyingi za namna hii hazina betri. Ndani ya gurudumu la injini mna sumaku. Unapovuta kamba, sumaku hupita karibu na koili na kuzaa umeme, nao hupita katika waya mnene mpaka kwenye plagi, ukaruka na kuwa cheche. Ukivuta kamba kwa ulegevu, cheche haitoki. Tena kumbuka jambo hili: katika gari, swichi hupeleka umeme kwenye koili, lakini katika injini hii swichi huzima kwa kuuangusha umeme wa koili kwenye chuma cha injini.

Hatua za kufuata

1. Tazama kwamba swichi imefunguliwa. Kisha tazama oili. Injini nyingi za siku hizi zina kifaa cha kulinda oili, ambacho hukata cheche oili ikipungua. Hata ikiwa oili inatosha, pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa kingo za mto huweza kukatwa cheche, kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja. Iweke mahali pa sawa, ongeza oili ikiwa imepungua, kisha ujaribu tena.

2. Funga petroli, futa iliyomwagika, na usogeze mtungi wa petroli mbali. Fungua plagi, uirudishe kwenye kofia ya waya wake, kisha gusisha chuma cha plagi na chuma cha injini, mbali na tundu la plagi. Ishike kwa koleo yenye mpini wa mpira, si kwa mkono mtupu, maana umeme huu hupiga kwa nguvu. Mtu mwingine avute kamba kwa nguvu, nawe utazame ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu. Ukiiona, kosa liko kwingine, pengine katika petroli au kabureta.

3. Ikiwa hakuna cheche, itazame plagi yenyewe. Ikiwa imelowa petroli, ikaushe. Ikiwa ina masizi, isugue kwa brashi ya waya. Ikiwa kauri yake nyeupe imepasuka, itupe. Nafasi ya mdomo wake, kwa injini nyingi za pampu, ni milimita 0.7 mpaka 0.8. Jaribu plagi mpya, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko ya koili.

4. Kagua kofia na waya mnene. Panya hutafuna waya, na kofia hulegea kwa mtikisiko. Waya uliochubuka ukigusa chuma, umeme hupotea.

5. Ondoa kwa muda waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi. Jaribu tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima. Kosa liko katika swichi, katika waya wake, au katika kifaa cha oili. Usiiache injini ifanye kazi hivyo, kwa sababu haitazimika kwa swichi, na oili ikiisha hakuna kitakachoiokoa.

6. Mwisho, ondoa kifuniko cha kamba na kile kinachofunika gurudumu. Ikiwa sumaku zina kutu, zisugue kwa msasa laini. Nafasi kati ya koili na sumaku ni ndogo sana, chini ya nusu milimita. Legeza skrubu za koili, weka kadi ngumu katikati, iache sumaku iivute koili, kisha ukaze na kuitoa kadi. Injini za zamani zina pointi chini ya gurudumu. Hizo nazo hushika uchafu, lakini kulitoa gurudumu ni kazi ya fundi.

Ikiwa umefanya yote hayo na cheche haijatoka, sasa ni haki kuishuku koili. Nenda dukani ukiwa umeichukua ile ya zamani, upate inayolingana nayo.

Mkulima mwenye busara hangoji siku hiyo. Huweka plagi moja ya akiba na spana yake nyumbani, hutazama oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na pampu huilaza mahali pakavu, mbali na panya. Gharama yake ni ndogo, na shamba halitakosa maji kwa sababu ya waya uliolegea.