Uswisi: Lugha nne, milima mirefu, ratiba moja ya treni

Uswisi ina ukubwa wa kilomita za mraba 41,285. Ni kubwa kuliko Rwanda na ni kubwa kuliko Burundi, lakini ni ndogo kuliko nchi hizo mbili zikiunganishwa. Haina bahari, zaidi ya nusu ya ardhi yake ni milima, na watu wake takribani milioni 9 wana lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, nchi ya namna hiyo ina kila sababu ya kuwa na usafiri ghali na wa kuchelewa.

Lakini mgeni anayeshuka Geneva anaweza kuizunguka karibu yote kwa treni, kutoka kwenye mashamba ya zabibu hadi kwenye barafu ya milimani, kwa tiketi moja inayopokewa na kampuni nyingi za reli. Fedha zimesaidia, hakuna ubishi. Kilichosaidia zaidi ni kwamba wenye reli walikubaliana mapema juu ya jambo linalomkera kila msafiri na kila mwenye mzigo, yaani kushuka na kusubiri.

Magurudumu yanayobadilika

Safari ya magharibi hufuata ukingo wa Ziwa Geneva. Baada ya Lausanne, treni hupita chini ya matuta ya zabibu ya Lavaux, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Huku matangazo ndani ya treni ni ya Kifaransa. Mji wa Montreux ukishafikiwa, njia ya milimani huanza kupanda kuelekea eneo la Kijerumani, na hapo ndipo penye somo la kwanza.

Reli ya kutoka Montreux ina upana wa mita moja, sawa na reli za zamani za Kenya, Uganda na Reli ya Kati ya Tanzania. Ikifika Zweisimmen, inakutana na reli pana ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR. Kwa miaka mingi abiria walilazimika kushuka hapo na mabegi yao na kupanda treni nyingine. Tangu Desemba 2022, treni ya GoldenPass Express haishushi mtu. Inapita taratibu juu ya mtambo maalumu uliowekwa relini, magurudumu yanatanuka, na safari inaendelea hadi Interlaken.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanayajua maumivu ya mahali kama Zweisimmen. Pale Kidatu, Tanzania, reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067 inakutana na reli ya mita moja, na mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Naivasha, Kenya, kontena zilizofika kwa SGR huhamishiwa kwenye reli ya zamani au kwenye malori ili ziendelee hadi Malaba. Kila uhamisho ni gharama, ni muda, na ni nafasi nyingine ya mzigo kuharibika au kupungua.

Saa moja, dakika zilezile

Kutoka Interlaken treni hushuka hadi Bern, mji wa serikali, kisha Zurich, mji wa fedha. Bern na Zurich zimetenganishwa na dakika 56 tu. Muda huo haukupatikana kwa bahati. Mwaka 1982 Uswisi ilianza kutumia nchi nzima ratiba inayojirudia: treni ikiondoka dakika ya pili baada ya saa, itaondoka dakika hiyohiyo kila saa, mchana kutwa. Mwaka 1987 wananchi walipigia kura mpango mkubwa wa kuboresha reli, na lengo likawa treni za pande zote zikutane katika stesheni kubwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Bern na Zurich zililazimika kuwa chini ya saa moja. Njia mpya ilijengwa, ikafunguliwa Desemba 2004, ili treni iwahi kukutana na wenzake.

Faida yake huonekana jukwaani. Treni kadhaa huingia dakika chache kabla ya saa kamili, abiria huvuka kwenda jukwaa jingine, na zote huondoka dakika chache baadaye. Mabasi ya vijijini na boti za ziwani nazo zimefungwa kwenye ratiba hiyo. Mwenye duka katika kijiji cha milimani hahitaji kuuliza kama kuna gari leo.

Biashara na reli zilikutana mapema nchini humo. Njia ya kwanza iliyojengwa yote ndani ya Uswisi, kati ya Zurich na Baden, ilifunguliwa mwaka 1847. Watu waliipa jina la utani la mkate mtamu wa Baden, ambao matajiri wa Zurich walikuwa wakiuagiza kwa ajili ya kifungua kinywa.

Njia mbili chini ya mlima mmoja

Kusini mwa Zurich kuna mlima wa Gotthard, ukuta unaotenganisha Kijerumani na Kiitaliano. Handaki la kwanza la reli, lenye urefu wa kilomita 15, lilifunguliwa mwaka 1882. Gharama yake ilikuwa kubwa. Takribani wafanyakazi 200 walipoteza maisha, na mwaka 1875 walipogoma, wanne waliuawa kwa risasi. Mkandarasi wake, Louis Favre, alifia humo handakini mwaka 1879 bila kuiona kazi ikikamilika.

Tarehe 1 Juni 2016 lilifunguliwa handaki jipya la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Ujenzi wake uligharimu takribani faranga bilioni 12 za Uswisi na maisha ya wafanyakazi tisa. Sehemu ya fedha ilitoka barabarani: tangu mwaka 2001 malori makubwa hulipa ada kulingana na umbali, uzito na kiwango cha moshi, na sehemu kubwa ya makusanyo hayo huenda kwenye reli. Leo zaidi ya theluthi mbili ya shehena inayovuka milima ya Uswisi husafiri kwa treni.

Agosti 2023 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya handaki hilo, na njia yake moja haikurudi kazini kikamilifu hadi Septemba 2024. Biashara haikusimama. Treni nyingi za abiria zilirudishwa kwenye njia ya mwaka 1882, zikachelewa kama saa moja, huku mizigo ikipewa nafasi katika njia iliyosalia nzima. Reli ya zamani ambayo wengine wangeing'oa ndiyo iliyookoa hali.

Wanaokumbuka Januari 2008 wanalielewa hilo bila maelezo. Ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilipokata barabara na reli ikang'olewa Kibera, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda. Nchi isiyo na bahari yenye njia moja tu huishi kwa hisani ya njia hiyo.

Mpaka upo, foleni haipo

Mashariki, katika kantoni ya Graubünden, ndiko Kiromanshi kinakozungumzwa. Reli ya huko pia ni ya mita moja, na imewekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Kutoka St. Moritz treni hupanda hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kwa mzunguko hadi Tirano, Italia, mita 429. Haitumii reli ya meno ya kuikokota. Mara nyingine mabehewa ya mizigo, yakiwamo ya mbao, hufungwa kwenye treni hiyohiyo ya abiria. Reli nyembamba, kumbe, inaweza kufanya kazi kubwa ikitunzwa.

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Tangu Desemba 2008 iko katika eneo la Schengen, hivyo kwa kawaida abiria havuki kwa kupanga foleni ya pasipoti. Forodha, hata hivyo, ipo. Tangu Januari 2025, anayeingia na bidhaa za matumizi yake zenye thamani ya zaidi ya faranga 150 hulipa kodi ya ongezeko la thamani. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa faranga 300. Kilipunguzwa kwa sababu wakazi wengi walikuwa wakivuka kwenda Ujerumani kununua vyakula kwa bei nafuu. Malumbano ya wenye maduka na wavuka mpaka hayako Busia na Rusumo peke yake.

Maswali ya kuuliza mapema

Rwanda na Burundi bado hazina reli inayofanya kazi. Tanzania ilianza safari za SGR za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na imekubaliana na Burundi kujenga njia ya Uvinza hadi Musongati. Uganda ilisaini mkataba wa njia ya Malaba hadi Kampala Oktoba 2024. Upana ni uleule, lakini treni za SGR za Tanzania zinatumia umeme na za Kenya zinatumia dizeli. Wahandisi watayaongelea hayo kwa lugha yao.

Mwenye magunia ana maswali yake, na wakati wa kuyauliza ni sasa, kabla zege halijamwagwa. Mzigo utashushwa mara ngapi kabla ya kufika? Treni ya pili itaisubiri ya kwanza? Hati moja itapokewa pande zote mbili za mpaka? Na njia hiyo ikifungwa, reli ya zamani itakuwa bado ipo?