Mjumbe hupiga kura, mfuasi hushangilia

MSIMU wa makongamano ya vyama unapowadia, wafuasi hualikwa kwa mbwembwe na mabasi hukodiwa. Hata hivyo, mwaliko huo haumpi kila mfuasi usemi.

Katika vyama vingi nchini, kikao chenye kauli ya mwisho ni Kongamano la Kitaifa la Wajumbe. Wanaopiga kura humo ni wajumbe walioidhinishwa pekee. Wengineo huwa wageni au watazamaji.

Mnamo Septemba 1, 2007, chama cha ODM kilipokutana Kasarani kuteua mgombeaji urais, Raila Odinga alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391 naye William Ruto 368. Kura zisizotimia 4,000 ziliamua kwa niaba ya mamilioni ya wafuasi.

Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyama viwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Lakini sharti hilo hubaki maandishi matupu iwapo mwanachama hajui mjumbe wa eneo lake alipatikanaje.

Kwa hivyo, kabla ya kuabiri basi, mfuasi aulize: ni nani waliomchagua mjumbe wetu, na lini? Uchaguzi wa mashinani ndio mlango wa kongamano. Aliyeususia atasikiliza vipaza sauti akiwa nje ya ukumbi.